Tundu la Nyuma

"Dakika nne zimebaki," inasema kompyuta.
Inaongopa. Asubuhi ilisema vilevile,
baadaye ikasema masaa matatu, baadaye siku nzima,
ikanyamaza kidogo kama mdeni anayetafuta maneno,
kisha tena, bila haya: dakika nne.

Mama Nsimire amekaa kwenye kiti cha wateja,
mkoba mapajani, tiketi ya meli ndani ya mkoba.
Meli ya Goma inaondoka saa kumi na moja.
Nje, Kadutu inateremka na mvua yake.
Umeme upo tangu alfajiri, lakini umeme wa Bukavu
ni mgeni asiyevua viatu.

Faili elfu kumi na moja, mia sita na arobaini.
Nilidhani ni harusi.
Ni nyufa.
Mumewe, Mzee Cishugi, mpimaji wa viwanja,
alipiga picha kila ufa wa kila ukuta mteremkoni
miaka kumi na tisa, tarehe pembeni, upana kwa milimita.
Hakuna aliyemwomba. Aliyemlipa ndiyo usiseme.
Sasa macho yamemwacha, na picha zinasafiri bila yeye.

Kambale mmoja mkubwa, unambeba begani, umemaliza.
Lakini hawa ni sambaza: wadogo, weupe, maelfu,
na mashine yangu ni mchuuzi mwaminifu kupita kiasi.
Anamuuliza kila samaki jina lake,
uzito wake, siku aliyovuliwa,
anamlaza kwenye beseni, anaandika daftarini,
ndipo anyooshe mkono kwa mwingine.

Nimemfungulia mama picha zipite kiooni
wakati diski inakula. (Hilo nalo linachelewesha. Najua.)
Mtoto anashikilia rula kando ya ufa.
Mtoto yule yule, kifundo cha mkono
kimetoka nje ya shati, rula ile ile.
Ndevu mbili tatu. Rula.
Halafu, kuanzia mwezi wa tatu wa mwaka fulani,
rula imesimama peke yake, imeegemezwa jiwe.

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyefika msibani.
"Pole, mama."
"Pole ya nini? Murhula alichoka na baba yake.
Yuko Goma, anajenga. Ukuta haujafika dirishani
na tayari amepaka rangi.
Nampelekea hizi. Azitazame zote,
moja moja, nikiwa nimekaa hapo."

Saa tisa na nusu. Asilimia arobaini na moja.
Basi niungame: nyuma ya kasha,
penye vumbi na mayai ya buibui,
kuna tundu la bluu, lenye mbio.
La mbele ni la kizee, linafaa kipanya na kibodi.
Tangu asubuhi nalijua. Nilikuwa mvivu wa kuinama,
na baadaye nilikuwa natazama.

Nikaingia chini ya meza kwa magoti.
Nikachomoa, nikapapasa, nikachomeka.
Mstari wa kijani ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa,
na kiooni picha zikaacha kuwa picha:
nyufa zikafumbua midomo,
kuta zikaegemeana, zikaachana,
mtoto akarefuka bila kupumua,
mlima mzima ukaporomoka kwa dakika kumi na saba,
mlima ambao kila mtu hapa huapa haujasogea.

Mama Nsimire alitazama pembeni.
"Punguza," alisema. Haipunguzwi.

Akaifunga diski kwenye kitenge, fundo mbili,
akalipa, akasahau mwavuli, akarudi, akauchukua.

Jioni nikachuchumaa tena kutoa waya
na tochi ya simu ikaangukia ukutani,
pale nyuma ya kasha ambapo sijawahi kutazama.
Unaanzia sakafuni, unapanda kwa kujikunja,
unapotea nyuma ya kalenda.

Sina rula.
Nikachukua ncha ya waya, ile ya chuma,
nikaijaribisha.
Ikaingia, ikakaa,
kama vile ukuta nao una kitu cha kupokea.

Milimita nne na nusu.
Nikaandika tarehe.